Homa imekata, mtoto anazidiwa: dengue inapofika kwenye ini na ubongo

SWALI: Daktari, mtoto wa dada yangu ana miaka 7, tunakaa naye Tabata. Alishikwa na homa, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Dukani wakamchoma sindano ya diklofenaki na kutupa Panadol, tukawa tunampa kidonge kizima kila baada ya saa nne. Siku ya tano homa ikakata, tukashukuru Mungu. Usiku uleule akaanza kulia tumbo na kutapika. Kesho yake anaongea maneno yasiyoeleweka, macho ya njano, kisha degedege. Akalazwa chumba cha mahututi, wakatuambia dengue imeingia kwenye ini na ubongo. Alhamdulillah, sasa yuko nyumbani. Mimi hiyo dengue, yaani kidingapopo, naijua kama homa ya kuumwa viungo, inapita yenyewe. Kweli inaweza kufanya haya? Na binti yangu wa miaka 4 aliipata wiki hiyohiyo, ikapita bila shida. Inaweza kumgeukia baadaye, au akiugua tena? Watu wananiambia nimpe juisi ya majani ya mpapai.

JIBU: Pole sana mama, na hongera kwa kumtoa salama. Ndiyo, dengue inaweza kufanya yote uliyoyaona. Ini kushindwa kazi na ubongo kuguswa ni mambo ya nadra, na wengi wanaougua dengue, wakubwa kwa wadogo, hupona nyumbani kama alivyopona binti yako. Lakini kabla sijafika kwenye ini, naomba nianze na ule usiku wa siku ya tano, kwa sababu huko ndiko watoto wengi wanakopotelea, hata wale ambao ini na ubongo wao havijaguswa kabisa.

Homa ya dengue hukaa siku 2 hadi 7. Siku zile za joto kali ndizo zinazomtisha mzazi, kumbe hatari kubwa huja joto linaposhuka, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba. Wakati huo kuta za mishipa midogo ya damu hulegea, na maji ya damu, yaani plazma, huvuja kwenda tumboni na kuzunguka mapafu. Uvujaji huu hudumu saa 24 hadi 48, halafu hukoma wenyewe. Kwa watoto wengi ni kidogo na hakuna anayeutambua. Kwa wachache ni mwingi, damu inayobaki mishipani inakuwa nzito na chache, na viungo vinaanza kukosa mzunguko.

Mtoto ana mwili hodari kuliko wetu katika kuficha tatizo hili. Mishipa ya mikono na miguu hujibana ili damu iende kwenye moyo na ubongo, kwa hiyo namba ya juu ya presha haishuki mapema. Atakuwa amekaa, anakujibu vizuri, anaomba maji, huku viganja na nyayo zake ni baridi. Nesi akipima presha ataona 100 kwa 85, na kwa haraka mtu anaweza kusema presha iko sawa. Haiko sawa. Namba mbili hizo zikikaribiana hadi tofauti ikawa 20 au chini yake, huyo mtoto mzunguko wake wa damu tayari unashindwa. Akisubiriwa mpaka presha ianguke kabisa, zinabaki dakika za kuhesabu.

Kwa hiyo maumivu ya tumbo na kutapika kwa mpwa wako havikuwa gesi wala chakula cha usiku. Ni dalili za onyo, na Shirika la Afya Duniani liliziweka rasmi kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009: tumbo kuuma, kutapika kusikokoma, kutoka damu kwenye fizi au puani, mtoto kulegea au kuhangaika bila sababu, ini kuvimba, na maji kujaa tumboni au kwenye mapafu. Ya mwisho iko maabara: hematokriti, yaani kipimo cha wingi wa chembe nyekundu katika damu, inapanda huku chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka kwa kasi.

Hapo kwenye hematokriti nina jambo la kuwaambia hata wenzangu wa zahanati. Vitabu vinasema kupanda kwa asilimia 20 ni dalili ya kuvuja. Lakini kupanda kutoka wapi? Watoto wetu wengi wana upungufu wa damu kwa sababu ya minyoo, malaria na lishe. Mtoto ambaye siku zote ana 31, akifika 38 amepanda zaidi ya asilimia 20, ila karatasi ya majibu itaandika kwamba yuko kawaida. Mwenye selimundu anaweza kuwa na 22 siku zote, akifika 28 mtu akasema damu yake imeongezeka kidogo, tena vizuri. Kumbe anavuja. Ndiyo maana kipimo cha FBP, yaani hesabu ya chembe zote za damu, siku ya kwanza au ya pili ya homa kina thamani hata kama hakionyeshi kitu: kinatupa pa kuanzia. Kimoja kilichopimwa siku ya tano, bila cha kulinganisha nacho, kinasema nusu ya habari.

Sasa ini. Karibu kila mgonjwa wa dengue hupandisha kidogo vimeng'enya vya ini, AST na ALT, na kwa kawaida AST ndiyo hutangulia kuwa juu. Hilo peke yake si la kutisha. Tunaita dengue kali pale kimojawapo kinapofika 1,000 au zaidi, na tunaogopa zaidi ini likishaacha kazi zake: macho yanakuwa ya njano, damu haigandi, sukari inashuka, mtoto anachanganyikiwa. Mambo matatu huliumiza kwa pamoja. Virusi vyenyewe huingia kwenye seli za ini. Mzunguko wa damu ukishindwa, ini hukosa hewa ya oksijeni. Na la tatu ni dawa.

Mama, sikuambii haya kukulaumu, lakini tufanye hesabu. Mtoto wa miaka 7 ana kilo 22 hivi. Parasetamoli anayostahili ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, yaani 220 hadi 330, na isizidi miligramu 60 kwa kilo kwa siku nzima, ambayo kwake ni 1,320. Kidonge kizima cha kawaida ni miligramu 500. Kila baada ya saa nne ni vidonge sita, jumla 3,000 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango chake, kwa siku kadhaa mfululizo, kwa mtoto asiyekula vizuri na ambaye ini lake tayari limevamiwa. Siwezi kukaa huku nikasema ni parasetamoli iliyomfikisha pale. Dengue huweza kulimaliza ini bila msaada wa mtu. Ila ilikuwa mzigo juu ya mzigo, na ni mzigo pekee kati ya ile mitatu ambao ungeweza kuepukwa.

Ile sindano ya diklofenaki nayo isingechomwa. Diklofenaki, brufeni na aspirini huchokoza tumbo na kuzuia chembe sahani zisifanye kazi yake, katika ugonjwa ambao unazipunguza kwa makumi ya maelfu. Aspirini kwa mtoto mwenye homa ya virusi ina kosa la ziada: inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, ambao nao hushambulia ini na ubongo. Huku kwetu sindano ya diklofenaki imekuwa kama salamu ya dukani, mtu anaingia na homa anatoka ameshachomwa. Kama mko Dar es Salaam au pwani na mvua zimenyesha, ikataeni mpaka ijulikane homa ni ya nini.

Kuhusu ubongo, maneno "dengue imeingia kwenye ubongo" yanabeba mambo kadhaa yasiyofanana, na matibabu yake hayafanani. Mara chache sana virusi vyenyewe huvimbisha ubongo. Mara nyingi zaidi ubongo unasumbuliwa kutoka nje: sukari imeshuka kwa sababu ini limechoka, sumu ambazo ini lilipaswa kuziondoa zimerundikana, damu haifiki vya kutosha, au chumvi ya sodiamu imeshuka. Kwa mpwa wako, macho ya njano yalikuja pamoja na kuchanganyikiwa, kwa hiyo ninaelekea kwenye ini kuwa ndilo chanzo. Kumbuka pia kwamba kuna degedege la kawaida la homa, linalowapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 joto likiwa juu. Wa kwenu ana miaka 7, na joto lilikuwa limekwisha kushuka. Degedege la namna hiyo halina cha kusubiri, na halina mambo ya kutafuta nani kamtupia nini mtoto; cha kwanza kupimwa ni sukari, na kinapimwa kwa tone la damu kidoleni.

Hiyo sodiamu nayo inatuhusu sisi wenyewe. Wazazi hupenda dripu ya glukosi, "ya kumwongezea nguvu". Mtoto wa dengue akipewa maji mengi ya glukosi tupu yasiyo na chumvi, au akinyweshwa maji meupe lita kwa lita bila ORS, uji wala juisi, sodiamu inashuka, ubongo unavimba, degedege linafuata. Halafu tunasema dengue imepanda kichwani.

Yapo mengine ya nadra zaidi. La kwanza ninaloliwazia ni homa inapokataa kuondoka. Dengue ikipita siku ya saba au ya nane na joto bado linapanda, hiyo si tabia yake, na lazima tuulize: je, kuna ugonjwa mwingine pamoja, kama malaria, taifodi au bakteria waliopata njia? Au ni lile jambo ambalo kwenye faili huandikwa HLH? Hapo kinga ya mwili hukosa breki, na seli za ulinzi zinaanza kumeza chembe za damu za mwenyewe ndani ya uboho wa mifupa. Bandama na ini vinavimba, chembe za aina zote zinashuka, na kipimo kiitwacho feritini kinapanda hadi maelfu. Kikizidi 10,000 kwa mtoto, mashaka ni makubwa. Huyu huhitaji dawa za kutuliza kinga, kama deksamethasoni. Inafaa kujua kwamba dawa hizohizo hazijaonyesha faida kwa dengue ya kawaida, kwa hiyo asije mtu akampa kila mtoto mwenye dengue kwa kuogopa HLH.

Moyo unaweza kuvimba misuli yake, na mtoto akahema kwa shida au mapigo yakavurugika. Hapa niwaondolee hofu moja: wakati wa kupona, mapigo ya watoto wengi hushuka na kuwa ya polepole kwa siku chache, na hiyo huisha yenyewe. Figo zinaweza kusimama, mara nyingi kwa sababu zilikosa damu siku ya uvujaji. Kongosho na kifuko cha nyongo huweza kuvimba. Miguu nayo ina mambo mawili tofauti. Mtoto anayelia misuli ya vigimbi, anakanyaga kwa ncha za vidole, huyo mara nyingi ni misuli iliyowaka kwa virusi na hupoa ndani ya wiki. Lakini mtoto aliyekwisha kupona, kisha wiki moja hadi tatu baadaye miguu ikaanza kulegea na ulegevu ukapanda juu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo: hiyo inaweza kuwa Guillain-Barré, na ikifika kifuani huzuia kupumua.

Kuna jambo linalotatanisha tiba Afrika Mashariki, na naligusa kwa sababu wazazi huuliza kwa nini daktari alisitasita kufungua dripu. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, sisi tukiwa na kituo cha Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu waligawanywa: baadhi wakamiminiwa maji ya mishipa kwa haraka, baadhi wasimiminiwe. Waliomiminiwa walikufa zaidi. Zaidi ya 10 katika kila 100, dhidi ya kama 7 kwa wasiomiminiwa. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria. Tangu hapo tunafundishana kutokuwa wepesi wa kufungua dripu kwa mtoto mwenye homa, na ni fundisho sahihi. Lakini dengue ina njia yake. Huko Ho Chi Minh City, Vietnam, utafiti uliochapishwa 2005 ulifuatilia watoto 512 ambao dengue ilikuwa imeshawashindisha mzunguko wa damu. Wote walitibiwa kwa maji ya mishipa yaliyopimwa na kuangaliwa kila wakati, akafa mmoja tu.

Hivyo swali si dripu au bila dripu. Ni kujua kwamba hii ni dengue, na iko siku ya ngapi. Mwenye dalili za onyo hupewa maji yenye chumvi kama Ringer, mililita 5 hadi 7 kwa kilo kwa saa, kisha yanapunguzwa kadiri anavyotengemaa. Aliyeshindwa mzunguko hupewa zaidi, na huangaliwa kila baada ya dakika chache. Na uvujaji ukikoma dripu lazima ifungwe, kwa sababu maji yote yaliyovuja yanarudi mishipani. Mtoto aliyeponea siku ya tano anaweza kuzama kwenye maji siku ya saba, pumzi zikambana, kwa sababu hakuna aliyeifunga.

Tuje kwa binti yako. Yale matatizo ya wiki ileile yameshampita. Kama imepita wiki tatu hivi na anatembea na kucheza, hata yale ya mishipa ya fahamu siyategemei tena. Swali lako la akiugua tena ndilo zito.

Virusi vya dengue viko vya aina nne. Ukiugua aina moja unapata kinga yake ya kudumu, na kinga ya muda mfupi tu dhidi ya nyingine. Baadaye ukikutana na aina ya pili, kinga ya zamani inaweza kukishika kirusi kipya bila kukiua, ikakifungulia mlango wa seli. Mtafiti Scott Halstead ndiye aliyelifafanua jambo hili, na Cuba ililithibitisha kwa uchungu: mwaka 1977 ilipita aina ya 1, mwaka 1981 ikaja aina ya 2, wakaugua watu zaidi ya 344,000 na kufa 158, ambao 101 walikuwa watoto. Watoto wachanga nao humo wamo, kwa njia ya pembeni: wa miezi 4 hadi 12 wanaweza kupata dengue kali mara ya kwanza kabisa, kwa sababu wamebeba mabaki ya kinga ya mama zao.

Dar es Salaam imeshaona aina ya 3 mwaka 2010, aina ya 2 mwaka 2014 na aina ya 1 mwaka 2019, mlipuko ambao nchi nzima ulihesabu wagonjwa zaidi ya 6,000. Mbona basi wodi zetu hazijajaa watoto wa dengue kali kama za Bangkok au Manila? Sehemu ya jibu huenda ni nasaba. Huko Cuba watu weusi walipata dengue kali kwa uchache kuliko weupe. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni kwamba hatuwatambui. Homa isiyo malaria huku kwetu hupewa jina la UTI au taifodi, mtoto anaondoka na antibiotiki, na akifa hakuna aliyepima dengue.

Kwa hiyo binti yako akipata homa tena, useme mapema kwamba amewahi kuugua dengue. Apimwe malaria na FBP, na dengue kwa kipimo cha NS1 kama ni siku tano za mwanzo. Parasetamoli ipimwe kwa kilo zake, si kwa kidonge, si zaidi ya mara nne kwa siku. Anywe ORS, madafu, uji, supu, kidogo kidogo siku nzima. Hesabuni mkojo: saa sita bila kukojoa ni safari ya hospitali. Na homa ikikata, msimwachie aende kucheza. Siku mbili zinazofuata mshikeni viganja na nyayo mara kwa mara, usiku pia, na tumbo likianza kuuma mwondoke usiku huohuo. Mbu wake huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni, na huzaliana kwenye maji safi: ndoo, pipa, tairi, kisahani cha maua. Chandarua cha usiku peke yake hakimtoshi, ila mchana mtoto anapolala kinafaa sana.

Chanjo zipo, lakini hazimo kwenye ratiba ya watoto ya hapa Tanzania. Ile ya kwanza, Dengvaxia, ilisimamishwa Ufilipino mwaka 2017 baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa, ilipobainika kwamba kwa ambaye hajawahi kuugua inaweza kumfanya augue vibaya zaidi baadaye. Nyingine, Qdenga, Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa umri wa miaka 6 hadi 16 mahali penye maambukizi mengi.

Mpwa wako arudi kliniki kupimwa ini mpaka namba zishuke, kwa kawaida ni suala la wiki kadhaa. Ini la mtoto hujijenga upya vizuri sana. Asipewe dawa za kienyeji kwa sasa, wala parasetamoli bila kumuuliza anayemtibu. Mwalimu wake aelezwe pia, awe anaangalia kama anasahau au hasira zimeongezeka, maana aliyepata degedege hospitalini huhitaji kutazamwa kwa miezi kadhaa.

Juisi ya majani ya mpapai: tafiti ndogo zimeonyesha inaweza kuharakisha kidogo kupanda kwa chembe sahani, ambazo hata hivyo hupanda zenyewe uvujaji ukiisha. Hakuna iliyoonyesha kwamba inazuia mishipa kuvuja, na huko ndiko kwenye kifo. Ni chungu, na mtoto anayetapika itamtapisha zaidi, halafu hatutajua tena kutapika ni kwa dengue au kwa mpapai. Mpe dafu.